Bingwa Haruhusiwi Kuhama

Mimi sina ugomvi na mtu anayepigwa mateke kwa hiari yake. Ugomvi wangu ni na mkataba aliousaini. Sisi mashabiki wa UFC, kampuni ya Marekani inayoandaa mapambano ya MMA, yaani ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, huku Dar es Salaam tunaamka Jumapili alfajiri, saa ambayo hata jogoo bado anajishauri, kuangalia watu wakiumizana huko Las Vegas ambako bado ni Jumamosi usiku. Mama watoto ananitazama kama mgonjwa. Yote hayo nimeyavumilia. Ombi langu ni moja tu: aliye bora apambane na bora mwenzake. Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba mkataba hauruhusu.

Mkataba wenyewe uko hivi. Ukishasaini UFC, hupigani kwa promota mwingine. Kisheria wewe si mwajiriwa, unajitegemea, kwa hiyo mshahara wa mwezi sahau. Unalipwa kwa pambano. Haya, jitegemee basi: miezi unayokaa bila pambano, nenda kapigane kwa jirani, uone wanasheria watakavyokumiminikia. Uhuru unao, ila marufuku kuutumia.

Kinachonikera zaidi ni kipengele cha bingwa. Ukitwaa mkanda, mkataba unajiongeza wenyewe. Mimi nilivyofundishwa, mtu akishinda ndipo anapopata kiburi cha kusema "ongezeni hela au nasepa". Huku anayefukuzwa ni mshindwa, na mshindi ndiye anayefungiwa mlango. Ni sawa na mwenye nyumba kukwambia: kwa kuwa unalipa kodi vizuri, huhami.

Mwaka 2007 Randy Couture, bingwa wa UFC wa uzito wa juu, alijiuzulu akitaka kupigana na Mrusi Fedor Emelianenko, ambaye wengi walimhesabu kuwa namba moja duniani. Hakuambulia Fedor, aliambulia mahakama. Mwaka uliofuata akarudi UFC, Brock Lesnar akamtwanga. Mwaka 2009 UFC ikazungumza na Fedor mwenyewe. Upande wake ukataka mapambano yaandaliwe kwa ubia. Ubia? Na UFC? Mazungumzo yakafa, na Fedor hakupigana UFC hata siku moja.

Akaja Francis Ngannou, kijana wa Batié, Kameruni, aliyechimba mchanga tangu utotoni. Bingwa mwaka 2021. Januari 2022 akamshinda Ciryl Gane kwa malipo yaliyotangazwa ya dola 600,000, mkataba ukiwa ukingoni. Akagoma kusaini mpya, akauguza goti lake mpaka hata muda wa nyongeza ukaisha, na Januari 2023 akaondoka. Mkanda ukabaki kwa wenyewe. Machi, mpiganaji mwingine wa UFC, Jon Jones, akaubeba kwa kumshinda Gane huyo huyo. Oktoba mwaka huo huo Ngannou akaenda Riyadh, akapigana ndondi, akamwangusha bondia Tyson Fury chini raundi ya 3 na kupoteza kwa majaji waliogawanyika. Kwake safi sana. Lakini sisi tuliokuwa tunamsubiri yeye na Jones, nani atatufidia usingizi?

Kibiashara nawavulia kofia. Ndugu wawili wa ukoo wa Fertitta waliinunua UFC mwaka 2001 kwa dola milioni 2, na mwaka 2016 ikauzwa kwa takriban bilioni 4. Katikati hapo waliwanunua washindani wao: Pride mwaka 2007, Strikeforce mwaka 2011. Ukiwafungia wapiganaji wote wakali kwako, televisheni haina pa kwenda, mtazamaji hana pa kwenda, na mpiganaji naye atakwenda wapi? Nyaraka za kesi iliyofunguliwa na wapiganaji wenyewe mwaka 2014 zilionyesha kwamba mgawo wao ulikuwa takriban asilimia 20 ya mapato. Wenzao wa mpira wa kikapu wa NBA wanapata karibu nusu, na hakuna anayewapiga teke la kichwa. Kesi ikaisha kwa fidia ya dola milioni 375. Waliopigana zamani wakapata chochote kitu. Mfumo ukaendelea kula.

Dawa ipo, wala haihitaji mganga. Tangu mwaka 2000 Marekani ina sheria yenye jina la Muhammad Ali, inayombana promota asimfunge bondia kwa mikataba ya kumkandamiza, na inayomlazimisha kumweleza bondia mapato ya pambano. Sheria hiyo inawahusu mabondia tu. Bunge lao liiongezee wapiganaji wa MMA. Vinginevyo waache kutuandikia "bingwa wa dunia" kwenye tangazo. Waandike "bingwa wa kampuni", tujue tunaamkia nini.