Sifa za Kidhibiti Kilichogoma

Prosesa husifiwa kwa kasi, diski kwa ukubwa wa tumbo, kioo kwa rangi. Bwana Kidhibiti, anayepokea amri za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kuzifikisha kwenye diski na kurudi na majibu, hasifiwi na mtu. Hutajwa siku anapogoma tu, tena kwa matusi. Nimeona nimtetee, hasa yule anayegoma kwenye mfumo endeshi wa majaribio, ndani ya mashine yenye prosesa mbili. Huyo ndiye bingwa wa wagomaji wote.

Sifa yake ya kwanza ni adabu. Hagomi kwa kishindo. Kishale cha kipanya kinaendelea kutembea, saa ya pembeni inasonga, programu iliyokwisha kuingia kwenye kumbukumbu inachapa kazi. Ila taa ya diski imewaka moja kwa moja, haipepesi. Ukiandika amri mpya, kimya. Baadaye kerneli inatangaza kwamba katizo limepotea: Bwana Kidhibiti alitumwa, muda ukapita, hakurudi na habari. Inamwanzisha upya, inamtuma tena, inamwanzisha upya. Hapo ndipo utakapojua kuwa mashine ina subira kukushinda.

Sifa ya pili ni kutunza siri. Ukifungua daftari la matukio ujue kilichotokea, dakika ile unayoitafuta haimo. Itakuwamo vipi, nalo daftari huandikwa kwenye diski ileile isiyofikika? Mshtakiwa ndiye mwenye funguo za ofisi ya polisi. Ndiyo maana watu wa kerneli huvuta kebo ya siria hadi kompyuta ya pili, ili maneno ya mwisho ya mashine yaandikwe kwa jirani.

Sifa ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni ualimu. Ukiwasha mashine kwa prosesa moja, mgomo unakwisha. Ukirudisha ya pili, umeanza upya. Fundi mwenye haraka atasema prosesa ya pili ni mbovu, naye atakuwa amekosea: kosa limo ndani ya kerneli. Linux 2.0, iliyotoka Juni 1996 ikiwa na uwezo wa kutumia prosesa nyingi, ilijilinda kwa kufuli moja kubwa: ndani ya kerneli iliruhusiwa prosesa moja tu kwa wakati mmoja, nyingine zisubiri zamu. Amani ilikuwepo, kasi haikuwepo. Basi kufuli likaanza kugawanywa kidogo kidogo, na madereva ya diski, yaani programu zinazoiendesha, yaliyozoea kuishi peke yao yakashtukia kuna mwingine ndani. Prosesa moja bado inaandika amri kwenye rejista za kidhibiti, nyingine inapokea katizo na kuzishika rejista zizo hizo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na Bwana Kidhibiti ndiye zizi. Kufuli lile kubwa liliondolewa kabisa mwaka 2011. Ni miaka 15 ya masomo, na mwalimu hakudai ada.

Wapo pia waliozaliwa na kipaji. Chipu ya CMD640 ya miaka ya 1990 ilikuwa na milango miwili ya diski, lakini ukiipitisha kazi kwenye yote miwili kwa wakati mmoja, data iliharibika. Ilibidi Linux iwekewe kinga maalumu ya kuipangia zamu. Kwa ukarimu wa namna hiyo, wala prosesa ya pili haikuhitajika.

Sifa ya nne ni haya. Fundi akiongeza ndani ya dereva mistari michache ya kutoa taarifa, ili aone kosa linapoanzia, kosa hutoweka. Ile kazi ndogo ya kuandika taarifa imechelewesha mambo kidogo, na prosesa mbili hazigongani tena. Akiifuta mistari yake, kosa hilo limerudi. Jim Gray wa kampuni ya Tandem aliyaeleza makosa ya aina hii mwaka 1985 na kuyaita Heisenbug. Hata leo hayapendi kutazamwa.

Ya mwisho ni usawa. Mashine ikiwashwa tena na diski kukaguliwa, mafaili yaliyopoteza jina na makazi hukusanywa katika saraka ya lost+found, kila moja likiitwa kwa namba. Tasnifu ya profesa na picha ya paka hulala humo bega kwa bega, bila cheo.

Basi ndugu msomaji, akigoma usimtukane. Badilisha kebo kwanza, maana ndiyo rahisi kuliko vyote. Jaribu prosesa moja, kisha mbili, uone tofauti. Vuta ile kebo ya siria kabla ya ajali, si baada yake. Na nakala rudufu iweke kwenye mashine nyingine kabisa, leo hii, kwa sababu Bwana Kidhibiti hatoi notisi ya mgomo.