Kutoka Kwenye Majani Chai Hadi Karnivali ya Köln: Mwongozo wa Mgeni

Ewe kijana wa Litein, Silibwet au Mogogosiek uliyepata nafasi ya uuguzi au kazi ya hoteli kando ya mto Rhine, Ujerumani, kuna asubuhi ya Februari utakayofungua mlango ukamkuta jirani yako, yule ambaye tangu uhamie amekusalimia kwa kichwa tu, amevaa vazi la nyuki na anakuimbia. Usirudi ndani. Hiyo ni karnivali, na haitaki watazamaji. Fuata hatua hizi uingie kama mwenyeji.

1. Ijue kalenda kabla ya ngoma

Msimu hufunguliwa tarehe 11 Novemba, saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, kwa kuwa kumi na moja ndiyo namba ya wachekeshaji. Kisha mambo hutulia hadi Kwaresima inapokaribia. Sherehe za barabarani huanza Alhamisi na kufika kilele Rosenmontag, Jumatatu inayotangulia Pasaka kwa siku 48. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 8 Februari. Ikifika Jumatano ya Majivu, yamekwisha.

Rosenmontag si sikukuu ya kisheria, ingawa shule na ofisi nyingi za Köln hufungwa. Wodi hazifungwi. Muuguzi mwerevu humwona mpanga zamu mapema, akajitolea kufanya kazi Krismasi ili aachiwe Jumatatu hiyo.

Usidanganywe na kelele: vurugu hii ina ratiba, ina kamati tangu 1823, ina nyimbo zake na siku yake ya kufungwa. Wewe uliyeshuhudia tumdo, sherehe yetu ya jando, vijana wakirudishwa nyumbani Desemba kwa nyimbo na kila mtu akijua mahali pake pa kusimama, unajua tayari kwamba furaha kubwa hubebwa na utaratibu. Tafuta utaratibu, na hutakuwa mgeni kwa muda mrefu.

2. Jifunze wito kabla ya sarufi

Mtu akipaza sauti “Kölle”, jibu “Alaaf!” kwa nguvu zote. Wito hutolewa mara tatu. Ukifika Düsseldorf, mji jirani na mshindani wa tangu zamani, wito ni “Helau”. Usiuvushe wito wa mji mmoja kwenda mji wa pili.

Nyimbo nyingi ziko katika lahaja ya Köln, ambayo humpiga chenga hata Mjerumani wa Berlin. Kwa hiyo siku hiyo wewe na yeye mko darasa moja. Unganisha mkono na aliye kando yako, yumba anakoyumba, imba kiitikio. Kwa mara ya kwanza tangu utue, hakuna atakayekusahihisha.

3. Vaa kazi ya mama yako

Usinunue vazi la maharamia dukani. Vaa gambuti, aproni ndefu ya plastiki na kikapu cha kuchumia chai mgongoni. Chini yake panga sweta mbili au tatu. Februari ya Köln ina manyunyu na baridi inayozidi ile ya alfajiri ya Kericho.

Vazi hili lina kazi. Kwenye maandamano ya Rosenmontag hurushwa takriban tani 300 za pipi na chokoleti, pamoja na maua. Wenyeji hugeuza miavuli juu chini ili wadake. Wewe una kikapu. Paza sauti “Kamelle!”, wito wa kuomba pipi, na uweke mgongo tayari.

Watu watakuuliza umevaa nini. Waeleze. Waambie juu ya majani mawili na kichipukizi, juu ya wanawake wanaoingia shambani umande haujakauka na kulipwa kwa kilo. Waambie pia kwamba Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchumia chai kwa sababu zilikuwa zikimeza ajira, na kwamba huenda hilo ni sehemu ya sababu ya wewe kusimama pale. Chai ya Kenya hufika Ulaya bila sura ya aliyeichuma. Siku hiyo ifike na sura.

4. Alhamisi waachie wanawake mji

Wanaume, Alhamisi hiyo msivae tai mnazozipenda. Wanawake hubeba makasi na kuzikata, na fidia yake ni busu dogo la shavuni. Ukiona haya, sema hapana kwa tabasamu, inakubalika.

Lakini ijue asili yake. Huko Beuel, ng’ambo ya mto kutoka Bonn, wanawake walikuwa wakifua nguo za watu wa Köln. Waume zao walizipeleka mjini na kubaki huko kwenye karnivali, wao wakibaki na mapipa ya maji. Mwaka 1824 wakaunda kamati yao wenyewe. Hadi leo wanawake wa Beuel huvamia jumba la serikali ya mji na kuutwaa utawala kwa siku hiyo. Dada wa Bomet ambaye mama yake ameinama miaka yote juu ya chai ya watu hana haja ya kueleweshwa jambo hili. Aingie mstari wa mbele.

5. Funika glasi

Bia ya Köln hutolewa katika glasi ndogo ya mililita 200, na mhudumu huleta nyingine bila kuulizwa. Atakoma utakapoweka kile kikaratasi kigumu juu ya glasi. Asiyekunywa aagize soda na kuimba vilevile.

6. Heshima yako si vazi

Unaweza kukutana na mtu aliyejipaka uso rangi nyeusi na kuvaa sketi ya majani, akidhani amekuwa Mwafrika. Hudaiwi kicheko. Mwambie kwa Kijerumani kilichonyooka kwamba wewe si vazi, kisha endelea na sherehe yako. Wajerumani wengi wanapinga jambo hilo hadharani, na watasimama nawe.

Karnivali yenyewe iko upande wako hapa. Wale Rote Funken wenye sare nyekundu na nyeupe huwaigiza askari wa kale wa mji, maua yakiwa kwenye bunduki zao, wakisuguana makalio kuudhihaki ujeshi. Mzaha wa Köln ukiwa katika ubora wake hupiga juu, kwa wenye nguvu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza siku chache kabla ya Rosenmontag, watu walivaa mavazi yaleyale wakaandamana kudai amani.

7. Choma, kisha urudi kazini

Usiku wa Jumanne huchomwa Nubbel, mwanasesere wa majani makavu aliyening’inizwa nje ya baa. Hubebeshwa makosa yote ya siku hizo. Mtwishe na yako, kisha ulale. Jumatano zamu inaanza mapema.

Mwaka unaofuata rudi na kikapu, na umlete mgeni mwingine kutoka Sotik au Kapsoit. Watu wa Köln husema jambo likifanywa mara tatu limekuwa mila. Kwa hesabu yao wenyewe, mwaka wa tatu mchumaji chai atakuwa sehemu ya karnivali ya Köln.