Pua za Wenzangu

Manukato ndiyo bidhaa pekee unayoilipia wewe wakaitumia wenzako. Shati utalivaa mwenyewe, wali utaula mwenyewe, lakini manukato ukishajipaka, haichukui muda pua yako huzoea ile harufu ikaacha kukuletea habari zake. Wanaobaki kuinusa ni abiria mwenzako kwenye daladala, wenzako wa ofisini, na mama mkwe. Hawakuombwa maoni, lakini ni Mswahili gani aliyewahi kusubiri kuombwa?

Haya nimeyaona tangu nilipoanza kununua vichupa vya kujaribia kwa fundi mmoja wa manukato wa Mji Mkongwe, Unguja. Ana chumba kimoja, mizani ya kisonara, na rafu ya chupa za kahawia ambazo haruhusu mtu kuzigusa. Hamuuzii chupa kubwa mtu ambaye hajajaribu kwanza. Atakutumia kwa boti vichupa vya mililita 2, vimeviringishwa kwenye pamba, kila kimoja kina jina lililoandikwa kwa mkono, na nyuma yake unafuata ujumbe wa sauti wenye masharti: usijaribu viwili siku moja, usijisugue, na usiamue kabla ya jioni.

Sharti la mwisho ndilo zito. Manukato, anasema, hutoka kwa zamu. Limau na chungwa ni harufu nyepesi, huruka kwanza na kwisha upesi. Asumini, waridi na langilangi hufuata. Udi, sandali na miski ni vizito, hung'ang'ania ngozi hadi usiku, na kwenye nguo hukaa hadi ifuliwe. "Kwa hiyo ndugu yangu, ukiamua asubuhi, umeamua limau."

Nilianza na kichupa kilichoandikwa "Makonyo". Makonyo ni vile vikonyo vya karafuu, na Pemba havitupwi. Hutolewa mafuta kwa mvuke. Nilipokifungua chumbani nilipata ukali wenye joto, na pilau kwa mbali. Nikajipaka shingoni, nikaenda kazini kifua mbele.

"Pole," akaniambia dada wa mapokezi. "La juu au la chini?"

"La juu nini?"

"Jino."

Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo madaktari wa meno wameitumia miaka na miaka kutuliza maumivu. Kwa Mpemba ile ni harufu ya mavuno. Kwa mtu aliyekulia Dodoma ni harufu ya koleo. Kufika saa nne ofisi nzima ilikuwa imeshanitibu. Mmoja alileta maji ya chumvi. Mwingine alikuwa na namba ya mzee wa Temeke anayeng'oa bila sindano na wagonjwa wakarudi kumshukuru. Mhasibu alinifungua mdomo kwa tochi ya simu, akathibitisha kwamba ameliona. Halafu akapita bosi, akavuta pumzi, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona ninapoulizia nyongeza ya mshahara, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nikaenda. Kumkatalia mkubwa huruma yake ni utovu wa adabu.

Kichupa kilichofuata kiliitwa "Maji Kupwa". Humo fundi alikuwa ameloweka mwani, ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, akaongeza vitu vyake vya siri hadi ikapatikana pwani nzima ndani ya mililita 2: mchanga uliolowa, chumvi, na boti iliyopinduliwa kukauka. Nyumbani, dirisha likiwa wazi, ilikuwa kazi ya heshima. Kwenye daladala ya Tandika saa moja asubuhi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, mambo yalikuwa mengine.

"Nani kapanda na dagaa?" konda akauliza. "Mwenye samaki ashuke, hili si gari la Feri!"

Abiria wote wakainama kutazama chini ya viti. Na mimi nikainama, tena kwa bidii kuwazidi. Tuhuma zikamwangukia mama aliyekaa pembeni yangu na kikapu mapajani. Kikapu kikapekuliwa, kikakutwa kina mchicha na nazi. Mama akaapa kwa jina la Mungu. Nikaona si haki, nikamtetea: "Mwacheni mama wa watu, hana samaki!" Akafarijika, akanigeukia anishukuru vizuri, akasogeza uso karibu, na shukrani ikamkwama kooni. Safari iliyobaki alikaa akiwa amekigeuzia mgongo chanzo cha tatizo lake.

Nilimpigia fundi kumweleza. Nilidhani atahuzunika. "Alhamdulillahi!" akasema. "Kuna wateja wananambia wanasikia sabuni. Huyo konda wako ana pua. Mpe salamu zangu."

Cha tatu kilikuwa "Miski", na hicho kilikaribia kunivunjia nyumba. Nilikinusa, sikupata kitu. Nikajipaka, wapi. Nikaongeza kifuani, nikaongeza mikononi, mwisho nikakimalizia kwenye kola kwa hasira ya mtu aliyeuziwa maji. Baadaye ndipo nilipoelewa. Pua ya binadamu ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kufumbua namna vinavyofanya kazi. Vipokezi hivyo havifanani kwa kila mtu, na baadhi ya miski za maabara zina molekuli kubwa ambazo watu wengine hawazisikii kabisa. Mimi ni mmoja wa viziwi hao. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, si mmoja wao.

Nilimkuta sebuleni. "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba akiwa ameshasimama, akasema nje kuna hewa, akahamia barazani na kikombe chake. Nikamsikia akimwita binti yake na kumwuliza kwa sauti ya chini ambayo mtaa wa pili uliisikia: "Mwanangu, mumeo katokea wapi?"

Mke wangu akaja, akaninusa kola. Akasema ni harufu ya shuka safi. Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Si shuka zetu."

Nikakimbilia ushahidi. Nikaleta kichupa, nikawapa wote wawili wanuse, nikasema kwa kujiamini kabisa, "Mnaona? Hakina kitu!" Walinusa kwa zamu, wakatazamana. Mama mkwe alitikisa kichwa akamwambia mwanawe, "Na bado anakataa." Ikabidi fundi mwenyewe atoe ushahidi kwa simu, sauti ikiwa imefunguliwa, akimweleza mama mkwe habari za molekuli. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kama ana mke.

Kilichobaki kilikuwa kichupa cha asumini juu ya udi, na hicho nikakijaribu kwa kufuata masharti yote. Nikavuna matokeo ya ajabu. Konda wa asubuhi aliniuliza machungwa nauza bei gani. Saa tano ofisini asumini ikafunguka. Asumini halisi ndani yake mna indoli, kemikali ambayo hupatikana pia kwenye kinyesi. Kidogo tu, na bila hiyo ua linakosa uhai. Basi dada wa mapokezi akafumba macho, akasema nimemkumbusha arusi ya dada yake Tanga. Mhasibu, meza ya pili, alikuwa anakagua soli za viatu vyake. Jioni nikafika nyumbani limau limekwenda, ua limekwenda, umebaki udi. Mke wangu alikuwa anakuna nazi. Akaacha mbuzi, akanifuata hadi chumbani, akasema, "Hii sasa."

Kichupa kimoja, mwili mmoja, na kila mtu alikutana na bwana tofauti. Yule wa asubuhi muuza matunda, yule wa mchana ama bwana harusi ama mtu aliyekanyaga pasipostahili, na wa jioni mume. Mimi mwenyewe, niliyezunguka naye kutwa, nilimpoteza kabla hatujafika kituoni.

Wazee wa pwani walilijua hili zamani, ndiyo maana hawakuyafanya manukato kuwa siri ya mtu na kioo chake. Arusini mrashi hupita ukanyunyiziwa marashi utake usitake, chetezo kinazungushwa kila mtu apate moshi wake, na bibi harusi huvishwa kikuba kifuani ili anayemsogelea ndiye afaidi. Watu wote wakinukia, hakuna wa kuulizwa katokea wapi. Matatizo yalianza tulipojifungia chumbani na vichupa vya mililita 2 tukidhani tunachagua.

Fundi aliponipigia kuuliza nimeamua nini, sikusita. Nimenunua chupa kubwa ya asumini na udi, na anayejipaka ni mke wangu. Kama manukato yanatumiwa na asiyeyavaa, basi mtu mwenye akili huyanunua akamvalisha mwingine. Zamu zote sasa nazipata mimi, kuanzia limau hadi udi, bila kujipaka hata tone. Tatizo moja tu: pua yake nayo huzoea, na kila asubuhi mlangoni huniuliza kama amezidisha.

Nami humjibu, "Hata kidogo. Ongeza."