Sifa Ziende kwa Kipande cha Plastiki

Nchini Kongo sifa zina bei. Mwanamuziki akilitaja jina lako katikati ya wimbo, amekutupia libanga, na libanga halitupwi bure: mfanyabiashara hulipia, mwanasiasa hulipia, na mwenye magari mawili hulipia ili aonekane ana manne. Hapa mkoani Lualaba orodha ya wasifiwa ni ndefu kuliko foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Shaba inasifiwa. Kobalti inasifiwa, maana zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa katika nchi hii. Leo natupa libanga langu kwa msifiwa asiyeweza kunilipa hata franka moja: kikinga cha propela ya droni.

Kwa ambaye hajakiona, ni kijiduara cha plastiki kinachozunguka propela ili isiguse ukuta, tawi wala mtu. Droni ya kawaida ina propela nne, kwa hiyo vikinga huwa vinne, au huwa tundu moja linaloifunika yote. Hakina mota, hakina taa, hakina programu ya kusasishwa. Mnunuzi akifungua boksi hutoa droni kwanza, kisha rimoti, kisha betri. Kikinga hubaki chini pamoja na kijitabu cha maelezo, na vyote viwili hukumbukwa siku moja: siku inayofuata ajali.

Sifa ya kwanza ni ukoo: msifiwa lazima awe nao, na ukoo wa kikinga ni wa kifalme. Kaskazini-magharibi mwa mkoa wetu, katika eneo la Kapanga, iko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Zamani kila mfalme mpya alijijengea Musumba yake, kati ya mito ya Kalanyi na Lulua, na mji ulipangwa kwa umbo la kobe: una kichwa, una mkia, na mfalme yuko katikati ya gamba, amezungukwa na uzio. Wafalme hao, ambao dola yao ilifika hadi Angola na Zambia za leo, hawakukosa wanyama wa kuiga. Simba alikuwepo, chui alikuwepo, tai alikuwa akipita juu. Wakamchagua kobe. Mabwana wa nchi nzima hawakuona aibu kuishi ndani ya gamba. Ila kijana wa Kolwezi aliyenunua droni Jumanne, ikifika Jumamosi anavua vikinga, eti vinamfanya aonekane limbukeni. Kana kwamba kuna wengine wasiomwona hivyo.

Sifa ya pili ya kikinga ni umaskini wake. Droni ni mtoto wa Lualaba aliyerudi nyumbani akiwa na jina la kigeni. Nyaya zinazoviringishwa ndani ya mota zake ni shaba, na betri zake za lithiamu kwa kawaida zina kobalti. Hakuna awezaye kuapa kwamba shaba ile ilitoka mgodi wa Kamoto au wa Kamoa, lakini udongo wetu una haki ya kushuku. Kikinga peke yake hakina hata chembe ya madini. Hakuna aliyeingia shimoni Kasulo kukitafuta, wala aliyebishania asilimia zake mbele ya mizani ya soko la madini la Musompo. Hakijawahi kusimamishwa mpakani kama kobalti ilivyosimamishwa Februari 2025, serikali ilipozuia isiuzwe nje ili bei ipande. Serikali yoyote ikizuia vikinga visiuzwe nje, bei haitajua kama kuna jambo limetokea. Na bado, mota ya shaba inapoukaribia ukuta, anayetangulia kupokea kipigo ni huyu asiye na madini. Katika mkoa ambao kila mtu huyalinda madini kwa bunduki, kikinga huyalinda kwa mwili wake, tena bila mshahara.

Sifa ya tatu ni kwamba hukata kiburi na hakikati kidole. Hapa tuweke mzaha pembeni kidogo, tupige hesabu. Propela ya inchi 5 ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia mita 66 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 240 kwa saa. Hakuna gari litakalokwenda mwendo huo katika barabara zetu, hata likiwa la gavana. Mei 2015, huko Tijuana nchini Mexico, mwimbaji Enrique Iglesias aliinyakua jukwaani droni iliyokuwa ikimpiga picha, kama alivyozoea kufanya katika maonyesho yake. Propela zilimkata vidole; akaendelea kuimba akiwa na damu kwenye fulana, na baadaye akapelekwa kupasuliwa. Mwaka huohuo nchini Uingereza, droni iliyorushwa na rafiki wa familia iligusa mti, ikapinduka, na propela ikampotezea jicho mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mti ule ungekutana na plastiki kwanza, huenda habari hiyo isingekuwa habari. Ndiyo shida ya msifiwa wangu: kazi yake ikifanikiwa, hakuna kilichotokea, na jambo ambalo halikutokea halina mtu wa kulitungia wimbo.

Twende sasa ukumbini, maana huko ndiko kikinga hupata cheo chake kamili. Harusi ya Kolwezi siku hizi haijatimia bila droni. Bibi harusi akiingia lazima aonekane kutoka juu, na mpiga picha ambaye wiki iliyopita alikuwa na kamera ya bega, leo ni rubani. Hajui kwamba chini ya paa la manjanja mawasiliano ya setilaiti hufifia au hukatika. Nje, droni hujishikilia mahali kwa GPS. Ndani, hutegemea kamera ndogo iliyo tumboni, inayotazama sakafu ili ijue kama inasogea. Sakafu ikiwa ya vigae vinavyong'aa, au taa zikizimwa ili wale wanaocheza wafurahi, kamera hiyo hupotea. Ndipo droni huanza kutambaa yenyewe kuelekea meza ya wakwe.

Ikiwa haina vikinga, orodha ya hasara ni ndefu: mapazia yaliyokodishwa, mawigi yaliyotoka Dubai, kilemba cha shangazi, na shangazi mwenyewe. Ikiwa navyo, hugonga nguzo, huyumba, hutua katikati ya bukari na sombe, watu hucheka, MC hupata la kusema, na harusi inaendelea. Nani mwingine katika ukumbi ule, pamoja na kamati ya maandalizi, anaweza kugeuza msiba kuwa kicheko kwa bei ya chupa chache za bia?

Kila mwenye sifa ana washtaki, na washtaki wa kikinga ni marubani wazoefu, yaani watu walioanza mwaka jana. Tuwasikilize.

Wanasema kinaongeza uzito na kupunguza dakika za kuruka. Ni kweli. Mota hulazimika kufanya kazi zaidi, na betri huisha mapema. Lakini mtaa gani wa Kolwezi umewahi kulalamika kwamba limbukeni alitua mapema mno?

Wanasema kinashika upepo. Ni kweli pia. Kiangazi, upepo wa Agosti ukianza kupeperusha vumbi la barabara za migodi, droni yenye vikinga husukumwa zaidi na hupigana kubaki mahali pake. Mimi naona huo ni ushauri wa bure kutoka angani: siku ya upepo, anayeanza abaki nyumbani.

Wanasema baadhi ya vikinga huziba vihisi vya droni, hata ile akili yake ya kukwepa vizuizi ikazimika. Kweli tena. Hapo rubani hubaki na vihisi viwili alivyozaliwa navyo, akavitumia kwa mara ya kwanza tangu aliponunua rimoti.

Wanasema droni tupu ikigusa mwembe hukata majani na kuanguka, lakini yenye vikinga hunasa tawini na kukaa huko. Nani asiyejua kwamba embe za mtaani zina msimu? Droni iliyonasa huwapa watoto wa jirani kazi hata msimu ukiwa umekwisha, na malipo hupatanwa chini ya mti kabla mtu hajapanda.

Kisha huja mshtaki mkubwa, mwenye methali: ajali haina kinga. Methali hiyo ina heshima yake, na sitabishana na wazee. Ila nimeona kwamba wanaoisema kwa sauti kubwa zaidi ni wale waliokuwa na kinga ndani ya boksi.

Shtaka moja tu linanipunguzia sauti. Wanasema kikinga humzoeza rubani vibaya: akigonga ukuta mara kumi bila hasara, ataamini kuta ni laini. Hilo ni kweli, na hata kobe asiyetoka gambani hafiki popote. Kikinga ni cha kujifunzia kugeuza, kurudisha nyuma na kutua, hasa lile fumbo la droni kukutazama usoni, ambapo kushoto kwako huwa kulia kwake. Siyo leseni ya kugonga. Na hakisaidii kila mahali. Kikinga cha pembeni huzuia ukuta, hakizuii waya unaotoka juu. Kisipobanwa vizuri, chenyewe huingia kwenye propela. Wala hakisaidii droni ikianguka: kutoka mita 30, ukiacha upinzani wa hewa, kitu hufika chini kwa mwendo wa kilomita 87 kwa saa. Nchi hii ililijua hilo mapema. Oktoba 2006, ndege isiyo na rubani ya jeshi la Ubelgiji, iliyokuwa katika kikosi cha Umoja wa Ulaya wakati wa uchaguzi, ilianguka Kinshasa na kuua mtu. Hakuna plastiki ambayo ingezuia hilo.

Ndiyo maana mpimaji wa mgodi, anayerusha droni juu sana juu ya shimo la wazi ili kupiga mamia ya picha na kuhesabu lundo la mawe lina mita ngapi za ujazo, hafungi vikinga, na ana haki. Chini yake hakuna bibi harusi. Kikinga wala hakimkingi mtu na sheria. Anayetaka kurusha aanze na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na akae mbali na uwanja wa ndege na maeneo ya makampuni ya migodi. Kikinga huzuia ukuta, hakizuii polisi wa migodi.

Hata Wamarekani, watu wa sheria kwa kila kitu, wamemtambua msifiwa wangu kwa namna yao ya kuchanganya mambo. Kanuni zao zilizoanza kutumika Aprili 2021 zinasema droni ya kundi jepesi kabisa, linaloruhusiwa juu ya vichwa vya watu kwa masharti machache zaidi, isizidi gramu 250 pamoja na kila kilichofungwa juu yake, na isiwe na sehemu zinazozunguka ambazo zinaweza kuchana ngozi. Sasa chukua droni maarufu ya gramu 249. Bila vikinga ni nyepesi lakini inachana. Ukiifunga vikinga haichani, lakini imenenepa. Kikinga kilichotimiza nusu ya sheria kimevunja nusu nyingine. Viwanda vililielewa fumbo hilo, vikaanza kuzaa droni zenye gamba la asili: mwaka 2024 kampuni ya DJI ya Shenzhen ilitoa Neo, ya gramu 135, ambayo vikinga ni sehemu ya mwili wake. Wahandisi wamesafiri mbali sana wakafika pale Walunda walipokuwa zamani.

Basi hukumu yangu ni hii. Anayeanza afunge vikinga siku zake zote za mwanzo, na ajifunze uwanjani, palipo wazi, bila upepo na bila watoto wa kutazama. Akishajua kutua pale anapotaka, si pale droni inapotaka, avivue kwa kazi za mbali na za juu. Ndani ya ukumbi, na popote penye watu karibu, vifungwe hata kama rubani ana miaka kumi ya kazi, maana hapo havimlindi yeye bali shangazi. Na ninyi mnaouza droni Kolwezi, mnapomwonyesha mteja mashine yake mpya, tafadhali vitoeni vikinga chini ya boksi, mvifunge ninyi wenyewe mbele yake kabla hajalipa. Akiuliza kama ni lazima, mwambieni bei ya wigi.