Chai Isiyo na Chai

Shangazi,

Mimi huku Leeds ni mzima, hofu ni kwenu tu, hasa wewe unayeamini kwamba Waingereza wanaishi kwa chai na biskuti. Ngoja nikueleze.

Huku kaskazini mtu akikualika “tea”, usitafute birika, tafuta sufuria. Ni chakula cha jioni hicho, huliwa kama saa kumi na moja hivi, watu wakitoka kazini. Mwenzangu wa nyumba, kijana wa Moshi, alialikwa na jirani yetu mstaafu. Kwa adabu za kwetu, huendi kunywa chai ya watu na njaa yako, ukaja kumaliza vitafunio. Akajisongea ugali kwanza. Kufika, akawekewa soseji, kilima cha viazi vya kuponda, njegere, na mchuzi mzito juu yake. Akala vyote kwa heshima, jasho linamtoka. Chai yenyewe hakuiona; alikuja kujichemshia nyumbani.

Ukishuka kusini, kwenye mahoteli ya London, neno lilelile linakuwa la mabwanyenye: alasiri, keki, na sandwichi zenye ukubwa wa stempu. Kwenye kriketi ni mapumziko ya dakika 20. Na vijana wakikwambia “mwaga tea”, wanataka umbea. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu ndani ya basi, maana kwetu anayekupiga chai anakudanganya, na trafiki akiomba chai hana shida na majani.

Lakini hili neno lao na letu ni ndugu, Shangazi. Wachina wanaandika mmea huo kwa alama moja, ila matamshi kila jimbo na lake. Wengi husema “cha”. Hilo likasafiri nchi kavu na misafara, Waajemi wakalitia mkia likawa “chay”, na huo mkia ndio tunaoutamka sisi hadi leo. Watu wa Fujian, kule pwani, husema “te”. Waholanzi wakalipakia melini pamoja na majani katika karne ya 17, na Waingereza wakalipokea kutoka kwao. Mwaka 1662 mfalme Charles II akaoa binti wa kifalme wa Ureno, Catherine wa Braganza, mnywaji hodari, na chai ikawa fasheni ikulu. Kwao Ureno walisema “chá”, walilolitoa Macau. Waingereza wakafuata desturi ya bibi harusi, neno lake wakamwachia mwenyewe.

Sasa wanajuta. Migahawani siku hizi wanauza “chai tea”, yaani chai-chai: maziwa, iliki, mdalasini, ileile unayoipika wewe kila asubuhi bila kumtoza mtu. Kikombe kimoja, kwa bei yake, wewe unanunua kilo ya sukari na chenji inabaki. Na pakiti iliyoko jikoni kwetu imeandikwa Yorkshire kwa herufi kubwa, ilhali majani yametoka Kenya, Rwanda na India.

Nitumie iliki kwa yeyote anayekuja. Jumapili zamu yangu: jirani amenialika “dinner”, ambayo kwenye kamusi yetu ya shule ilikuwa chakula cha jioni. Amesisitiza nisichelewe, saa sita mchana niwe mezani.

Mwanao