Kelele za Kunyamazisha Kelele

Katika darasa la shule ya msingi, kelele za wanafunzi huzidiwa na jambo moja tu, nalo ni kelele za mwalimu anayezinyamazisha. Mwanafunzi wa dawati la nyuma akimnong'oneza jirani yake habari za mpira wa jana, wanaosikia ni wawili au watatu. Lakini mwalimu akiweka chaki chini na kuanza kuhutubia juu ya adabu, jasho la wazazi na taifa la kesho, darasa zima huacha hesabu za sehemu na kugeuka kumtazama mnong'onaji, ambaye ghafla hujikuta na hadhira asiyoiomba lakini anayoifurahia.

Dawa ya asili ya maradhi haya ni orodha ya wapiga kelele, yaani karatasi ambamo monita huandika majina ya wanaozungumza mwalimu asipokuwepo, na kuongeza alama ya kuzidisha kwa kila anayerudia kosa. Kwa nadharia, karatasi hiyo huleta utulivu; kwa vitendo, aliyeandikwa hudai afutwe, shahidi wake husimama kumtetea, wote wawili huzidishiwa mara tatu kwa ubishi, na sauti inayofika hadi ofisi ya walimu ni ya monita mwenyewe, ambaye jina lake halimo kwa kuwa kalamu anayo yeye.

Mwanasaikolojia wa Marekani Jacob Kounin, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu nidhamu darasani, alionyesha kwamba siri ya madarasa tulivu haikuwa namna ya kukaripia, bali uwezo wa mwalimu kujua kinachotendeka kila pembe, kuwafanya wanafunzi watambue kwamba anajua, na kuliendeleza somo bila kulikatiza. Mwalimu anayekaripia mara 5, kila mara kwa dakika 2, katika kipindi cha dakika 40, amekwisha kula robo ya kipindi, na huo ni mfano wa sehemu ulio bora kuliko ule wa ubaoni.

Kwa hiyo mwalimu mzoefu huendelea kufundisha huku akisogea taratibu hadi dawati la nyuma, au humwingiza mnong'onaji ndani ya swali lenyewe, akisema kwamba Juma ana maembe 12 na amegawa theluthi. Juma hushtuka, hunyamaza na kuanza kukokotoa. Kasoro ya mbinu hii ni moja tu: wenzake nao huanza kunong'ona, wakitaka wapewe maembe.