Sifa za Kistari

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, na tausi, na jicho la mpenzi, wala hawakuwaachia wenzao hata utepe wa kilemba. Nami niliyekuja mwisho, tena mwenye kazi duni ya kusahihisha miswada ya Kiingereza ya watu wengine kwa wino mwekundu, sikuona kilichosalia bila kusifiwa ila kile kistari kifupi kinachokaa baina ya neno na neno, kisichotamkwa, kisichohesabiwa katika herufi, na ambacho watu aghalabu hukidhania uchafu wa karatasi. Nimekipenda kwa miaka mingi, mapenzi ambayo mke wangu ameyavumilia kama wake wengine wanavyovumilia bao.

Nilikozaliwa ndiko kulikonifunza. Mji wetu, ulio katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, huandikwa Katwe-Kabatoro, na Katwe yenyewe imelala juu ya ukanda mwembamba wa ardhi: upande huu ziwa la chumvi, ambalo watu hushinda ndani yake wakivunja mabamba ya chumvi hata ngozi zikababuka, na upande wa pili Ziwa Edward lenye maji baridi, na samaki, na viboko, hata ukisimama juu ya ukingo ukatazama chini, utatambua kwamba kabla Lugard, yule kapteni wa Kiingereza, hajajenga ngome yake hapa mwaka 1891, na kabla ya halmashauri, na karani, na mchora vibao, Muumba alikuwa amekwisha kutia kistari baina ya maji na maji.

Ukienda upande wa Bwera, huko nako hutakikosa. Mji wa mpakani ni Mpondwe-Lhubiriha, na Lhubiriha ni mto unaotutenga na Kasindi ya Kongo, yaani kistari kimeuoza mji kwa mto, ndoa ambayo sijui ni kadhi gani angeikubali. Na wanavyuoni wa lugha, watakapo kutaja kwa pamoja usemi wa Wakonzo wa ng'ambo hii na Wanande wa ng'ambo ile, huandika Konzo-Nande, wakawarudisha pamoja kwa alama isiyofikia upana wa ukucha watu ambao Wazungu, kwa mapatano ya mwaka 1910, waliwapitishia mstari katikati. Mistari yote miwili ilichorwa kwa kalamu. Ule mrefu una askari na forodha, huu mfupi hauna hata mlinzi.

Wala asidhani mtu kwamba khadimu huyu hana nasaba. Jina lake kwa Kiingereza limetoka Uyunani, na maana yake ni "chini ya kimoja", kwa sababu wanasarufi wa kale walimtia chini ya maneno awakumbatie kama bakuli. Na Gutenberg, alipopiga chapa Biblia yake mjini Mainz yapata mwaka 1455, alimweka mwishoni mwa mistari, tena wawili wawili walioinama, kama mashemasi. Wakubwa nao wamemkasirikia, jambo ambalo kwangu ni dalili ya hadhi. Mwezi wa Oktoba 1915 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amekwisha kutoka kwenye urais wa Marekani, aliwahutubia watu New York kwamba nchi yao haina nafasi kwa Wamarekani wenye kistari katika jina lao. Na mwaka 1990 wabunge wa Wacheki na Waslovaki, watu wazima wenye ndevu, walibishana kwa majuma na majuma kama jina la nchi yao liwe na kistari au lisiwe nacho, hata mwishoni mwa mwaka 1992 nchi ikagawanyika, mate yakawa yameishia bure.

Lakini tuache siasa, kwani fadhila yake hasa imo katika Kiingereza cha kila siku. Mchuuzi wa Kabatoro akiandika juu ya kibao chake "salt-free", msomaji atafahamu kwamba bidhaa zake hazina chumvi, fedheha isiyostahimilika katika mji uliolelewa na chumvi. Akikiondoa kistari akaacha "salt free", chumvi imekuwa ya bure, na kabla ya adhuhuri hakutasalia gunia. Tena karani mmoja, katika ofisi nisiyoitaja, alitaka kumwomba mkuu wake autie mkataba sahihi upya, akaandika "resign" badala ya "re-sign", na mkuu akasoma, mbele ya wageni, kwamba karani wake anamtaka ajiuzulu. Aliyepaswa kuipitia barua ile ni mimi, nami nilikuwa nimetoka kwenda kunywa chai.

Nakiri kwamba ni msumbufu. Hana kanuni ya kudumu; leo anatakiwa, kesho anafukuzwa, na jozi ya maneno iliyompokea katika kitabu hiki humkana katika kile. Mwaka 2007 kamusi fupi ya Oxford ilitoa toleo jipya, ikawa imewafuta ndugu zake wapatao 16,000 kwa mara moja, nami siku nilipopata habari hiyo sikuweza kula chakula cha usiku. Ila hata hao walioua hivyo hawakudiriki kummaliza.

Sisi nasi tusijione tumesalimika kwa kuwa tunasema Kiswahili. Hebu fungua kamusi utafute neno la kumsifia mtu: utakuta "-zuri", utakuta "-ema", yote yamekaa nyuma ya kistari, yakingoja mtu au kitu kije kiyape kiambishi; hata wema wenyewe, kabla hajapatikana wa kuufanya, umeegemea kijiti hicho kama mzee aliye kizingitini.

Basi ewe msomaji, ukitaka kuniandikia juu ya haya, anwani yangu ni Katwe-Kabatoro. Ukikiacha kistari barua itafika vilevile, kwani watu wa posta ni waungwana. Ila mimi sitaijibu.